Kipuri Kisicho na Jina: Utambuzi wa Vyuma vya Pikipiki za Awali katika Ukanda wa Visiga

Visiga ni kata ya Mji wa Kibaha, mkoani Pwani, iliyo kando ya Barabara ya Morogoro kati ya Maili Moja na Mlandizi, katika nchi ya Wazaramo ambayo, kabla Kibaha haijawa wilaya inayojitegemea, ilisimamiwa kutoka Kisarawe. Kusini mwake imepita Reli ya Kati, magharibi uko Mto Ruvu, na kaskazini-mashariki zilikuwako njia za misafara zilizoingia bara kutoka Bagamoyo, kwa hiyo mitambo mingi iliyoshushwa pwani na kupelekwa bara ilipita katika ukanda huu au kandokando yake. Katika nchi ya mapito kama hiyo, vyuma vilivyoachwa, vilivyovunjika au vilivyobadilishwa ni kumbukumbu za kihistoria sawa na barua na picha, ingawa kuvisoma kunahitaji elimu ya namna nyingine. Kipuri kidogo cha injini ya pikipiki ya mwanzoni mwa karne ya 20 ni mfano mzuri wa kumbukumbu hizo, kwa kuwa umbo lake, vipimo vyake na uchakavu wake vinaweza kueleza kilitoka wapi, kilifanya kazi gani na nani alikitengeneza upya kilipoharibika.

Ugumu wa kutambua vipuri hivyo unatokana na historia ya pikipiki yenyewe. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walijaribu chombo chao cha magurudumu mawili huko Cannstatt, Ujerumani, mwaka 1885, na kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich ikawa ya kwanza kutengeneza pikipiki kwa wingi kuanzia mwaka 1894. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya De Dion-Bouton ya Ufaransa ilitoa injini ndogo yenye kasi kubwa ambayo viwanda vingi viliiga au kuinunua, na kuanzia mwaka 1900 kampuni ya Minerva ya Antwerp, Ubelgiji, ikauza injini za kufungwa kwenye fremu za baiskeli. Mwaka 1901 ndugu Werner wa Paris waliihamishia injini chini, katikati ya fremu, mahali ambapo imebaki hadi leo. Hata hivyo, kwa takribani miaka 20 baada ya hapo, kila kiwanda kiliendelea kutafuta njia yake ya kuwasha moto, kulainisha vyuma na kufungua valvu. Njia nyingi kati ya hizo zilikufa bila kurithiwa, na matokeo yake ni kwamba fundi wa leo, aliyezoea pikipiki za India na China, anaweza kukishika kipuri kizima kabisa asikione kifananacho nacho katika injini yoyote aliyowahi kuifungua.

Vyombo vya injini vilianza kuonekana katika nchi hii wakati wa utawala wa Wajerumani. Kampuni ya Philipp Holzmann ilianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, na tarehe 10 Agosti mwaka huo huo wa 1907 Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akifuata njia ya bara, hadi alipofika Swakopmund kwenye pwani ya Atlantiki tarehe 1 Mei 1909. Safari hiyo ilikwama mara kwa mara kwa kusubiri vipuri kutoka Ulaya, jambo linaloonyesha hali iliyowakabili wote waliomiliki injini katika koloni: kipuri kilichovunjika kilipaswa ama kuagizwa kwa meli, ama kutengenezwa papo hapo kwa chuma kilichopatikana.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoleta pikipiki kwa wingi zaidi. Mbung'o, ambao hueneza ugonjwa wa nagana, waliua maelfu ya farasi na nyumbu wa majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliyoongozwa na Jenerali Jan Smuts, na pengo hilo lilizibwa kwa magari mepesi, kwa pikipiki, na zaidi ya yote kwa mabega ya wapagazi wa Kiafrika. Afrika Kusini ilileta kikosi maalumu cha wapanda pikipiki, waliotumia mashine za BSA, yaani kampuni ya silaha ndogo ya Birmingham, Uingereza. Bagamoyo ilitekwa tarehe 15 Agosti 1916, Morogoro tarehe 26 Agosti, na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, kwa hiyo katika majuma matatu tu nchi yote iliyo kati ya Ruvu na bahari ilibadili mtawala, huku Wajerumani wakirudi nyuma na kuvunja madaraja ya reli, injini za treni na mitambo ambayo hawakuweza kuihamisha. Baada ya vita Waingereza waliitawala Tanganyika, na pikipiki ikawa chombo cha maofisa, wamisionari, wapimaji ardhi na wasimamizi wa mashamba ambao hawakuwa na uwezo wa kununua gari au ambao njia zao hazikupitika kwa magurudumu manne.

Anayejaribu kukitambua kipuri cha enzi hizo hujibu maswali manne kwa mpangilio: kilifanya kazi gani, kilikuwa cha mashine ya aina gani, kilitengenezwa wapi na lini, na kilifikaje mahali kilipookotwa. Kosa la kawaida ni kuanza na swali la tatu, yaani kutafuta jina la kampuni, kabla kazi ya kipuri haijaeleweka. Kazi hueleweka kwa kurudi kwenye kanuni ya injini ya mipigo minne, iliyofanikishwa na Nikolaus Otto mwaka 1876, ambamo pistoni huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huubana, husukumwa na mlipuko, kisha hutoa moshi. Kwa kuwa mzunguko huo hukamilika baada ya krenki, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, kuzunguka mara mbili, gia inayoendesha valvu lazima iwe na meno mara mbili ya yale ya gia ya krenki. Kwa hiyo gia mbili ndogo zilizookotwa pamoja, moja ikiwa na meno 20 na nyingine 40, na ile kubwa ikiwa na nundu upande mmoja, zinaweza kutambuliwa kuwa za kufungulia valvu hata kama hazina alama yoyote.

Kipuri kinachowatatiza watu zaidi katika kundi la valvu ni valvu ya kuingizia hewa iliyojifungua yenyewe. Katika injini nyingi zilizotengenezwa kabla ya takribani mwaka 1906, ni valvu ya moshi pekee iliyosukumwa na nundu ya gia, na ile ya hewa ilishikwa na springi dhaifu, ikafunguka kwa mvuto wa pistoni inaposhuka. Valvu hiyo ilikaa ndani ya kikombe cha chuma chenye matundu kilichofungwa juu ya silinda, na kwa kuwa springi yake ni nyembamba na shina lake ni fupi, huweza kudhaniwa kuwa sehemu ya pampu ya maji. Alama ya kuitambua ni kingo zake zilizochongwa mshazari ili kuziba moto, pamoja na masizi magumu yaliyoganda upande mmoja tu wa kichwa chake, ambayo pampu ya maji haiwezi kuyatoa.

Mfumo wa kuwasha moto nao ulipita katika hatua ambazo kila moja iliacha vyuma vyake. Injini za kwanza kabisa ziliwashwa kwa mrija mdogo, mara nyingi wa platinamu, uliopashwa moto kutoka nje kwa kichomeo cha petroli hadi ukawa mwekundu, na kichomeo hicho kikiokotwa peke yake hufanana sana na kichwa cha jiko la mafuta ya taa la kupampu. Baadaye zilikuja betri na koili yenye ulimi wa chuma uliotetemeka ili kukata na kuunga umeme. Kisha ikaja magneto, jenereta ndogo yenye sumaku ya kudumu isiyohitaji betri, ambayo kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart iliifunga kwenye injini ya chombo cha moto mwaka 1897, na ambayo Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni hiyo, aliiboresha mwaka 1902 ili itoe umeme wa msongo mkubwa unaoruka kwenye plagi. Sumaku nzito yenye umbo la kwato la farasi, inayovuta misumari hata baada ya miaka mingi, kwa kawaida ni mabaki ya magneto. Plagi za wakati huo zilikingwa kwa kauri au kwa tabaka za ulanga, madini yenye kung'aa na yasiyopitisha umeme, ambayo katika enzi hizo hizo za Wajerumani yalichimbwa katika milima ya Uluguru, magharibi ya Ruvu, na kusafirishwa nje kupitia pwani.

Vipo pia vipuri ambavyo kazi yake imetoweka kabisa. Juu ya silinda nyingi palikuwa na bomba dogo la shaba njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, lenye kikombe kwa juu na mkono wa kufungulia, ambalo kupitia hilo mpanda pikipiki alitia matone ya petroli ili injini baridi iwake, au alipunguza mgandamizo ili iwe rahisi kusukumwa. Kandokando ya tangi palikuwa na pampu ya mkono ya oili, kwa sababu injini haikuwa na pampu yake ya kuzungusha oili. Dereva ndiye aliyesukuma kiasi fulani cha oili ndani ya injini kila baada ya mwendo fulani, ikatumika, ikaungua au ikadondoka njiani, bila kurudi tangini. Silinda ndogo ya shaba njano yenye fimbo, springi na tundu la kutokea, ambayo leo ingedhaniwa kuwa bomba la kunyunyizia dawa ya wadudu, inaweza kuwa pampu hiyo.

Kazi ikishaeleweka, swali la pili hutenganisha pikipiki na mashine nyingine zilizokuwa na injini ndogo. Katika ukanda wa Kibaha na Kisarawe kipuri cha zamani kinaweza kuwa cha mashine ya kusaga nafaka, cha pampu ya kuvuta maji, cha injini ya shambani, cha toroli ya wakaguzi wa reli, au cha mitambo ya baadaye, kwani kuanzia mwaka 1963 nchi za Nordic ziliendesha mradi mkubwa wa elimu, afya na kilimo hapo Kibaha, na baadaye kiwanda cha TAMCO kikaunganisha malori ya Scania katika mji huo huo. Injini isiyosogea hutengenezwa kwa chuma kinene, huwa na gurudumu zito la kutuliza mwendo lililo nje, na mara nyingi hupozwa kwa maji, kwa hiyo ukuta wa silinda yake huwa na uwazi wa kupitisha maji. Injini ya pikipiki ililazimika kuwa nyepesi na kupozwa kwa upepo, hivyo silinda yake ina mapezi, yaani mabati membamba yaliyosubiwa pamoja nayo kuizunguka, na magurudumu yake ya kutuliza mwendo yamefichwa ndani ya kasha la krenki, ambalo kwa kawaida ni la alumini. Taa nazo huleta mkanganyiko, kwa kuwa taa za pikipiki za mwanzo zilitumia gesi iliyotokana na mawe ya kabaidi yaliyodondoshewa maji, na kikopo chake chenye kibomba cha kudondoshea hudhaniwa kuwa kabureta.

Swali la tatu, la mahali na wakati wa kutengenezwa, hujibiwa kwanza kwa kipimo cha nyuzi za bolti, ambazo haziwezi kubadilishwa bila kuacha dalili. Nyuzi zilizopendekezwa na Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841 zina pembe ya nyuzi 55 za duara, na nyuzi za mfumo wa mita, zilizokubaliwa Zürich mwaka 1898, zina pembe ya 60. Pembe hiyo ya 60 inapatikana pia katika nyuzi za viwanda vya baiskeli vya Uingereza, ambazo zilipewa kipimo rasmi mwaka 1902 na ambazo mara nyingi zina mizunguko 26 katika kila inchi, na katika skrubu ndogo za vifaa vya umeme vya Kiingereza pembe ni 47 na nusu. Bolti ya pembe ya 60 yenye mizunguko 26 kwa inchi iliyomo kwenye kasha la injini kwa kawaida huelekeza kwenye kiwanda cha Kiingereza kilichofuata kipimo cha baiskeli, wakati bolti ya milimita huelekeza Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji au Uswisi.

Kipenyo cha pistoni husaidia, lakini hakitoshi peke yake. Pikipiki ya BSA yenye nguvu ya farasi nne na robo, ya takribani sentimita za ujazo 557, ilikuwa na silinda ya kipenyo cha milimita 85 na mwendo wa pistoni wa milimita 98. Triumph Model H, iliyotumiwa na jeshi la Uingereza kwa maelfu katika vita hiyo hiyo, ilikuwa na kipenyo hicho hicho cha milimita 85 na mwendo wa milimita 97. Pistoni iliyookotwa bila silinda wala krenki haiwezi kuamua kati ya mashine hizo mbili kwa kipenyo tu, na hapo mpimaji hulazimika kutazama urefu wa kichwa chake juu ya pini, idadi ya mifereji ya ringi na namna pini ilivyofungwa.

Metali na upakaji wake hutoa mipaka ya wakati. Pistoni nyingi za kabla ya mwaka 1914 ni za chuma cha kusubu, na zile za alumini zilienea baada ya vita. Sehemu zilizong'arishwa kwa nikeli, yenye mng'ao wa kimanjano uliofifia, kwa kawaida ni za kabla ya mwisho wa miaka ya 1920, wakati kromu yenye mng'ao wa kibuluu ilipoanza kuchukua nafasi yake. Unyevu na chumvi ya upepo wa Pwani huharakisha uharibifu wa kila metali kwa namna yake: chuma hubanduka kwa tabaka, alumini hutoa unga mweupe, na shaba njano hufanya ukoga wa kijani. Kwa sababu hiyo, anayesugua kipuri kwa brashi ya waya kabla ya kukichunguza huweza kufuta nikeli nyembamba, namba zilizogongwa na masizi, yaani dalili zile zile anazozihitaji.

Alama za viwanda husomwa mwisho na kwa tahadhari. BSA iligonga alama ya bunduki tatu zilizosimamishwa kwa kuegemeana, lakini kampuni hiyo iliuza pia vipuri na vifaa vya baiskeli kwa viwanda vingine, hivyo alama yake haithibitishi kuwa mashine nzima ilikuwa ya BSA. Herufi JAP humaanisha injini za J. A. Prestwich wa London, na MAG ni injini za Motosacoche wa Geneva, na zote mbili zilifungwa kwenye pikipiki za majina mengi tofauti. Triumph yenyewe iliuza pikipiki yake ya kwanza mwaka 1902 ikiwa na injini ya Minerva kutoka Ubelgiji. Vivyo hivyo, magneto ya Bosch haimaanishi kwamba pikipiki ilikuwa ya Kijerumani, kwa kuwa kabla ya Agosti 1914 viwanda vya Uingereza vilitegemea sana magneto za Stuttgart. Vita ilipokata biashara hiyo ndipo Waingereza walipoagiza magneto kutoka Marekani na kuanza kutengeneza zao kwa wingi, jambo linaloifanya aina ya magneto kuwa ushahidi mzuri wa wakati kuliko wa taifa.

Dalili iliyo muhimu zaidi kwa historia ya Visiga na jirani zake, hata hivyo, si ile iliyowekwa na kiwanda. Bushi iliyochongwa kwa tupa badala ya kukerezwa, tundu lililotobolewa upya na kutiwa nyuzi za kipimo kingine, mapezi yaliyovunjika yakaungwa kwa shaba, au valvu iliyofupishwa kutoka injini kubwa zaidi, ni kazi za mafundi waliojifunza katika karakana za reli, katika misheni, katika magari ya jeshi au kwa kukaa chini ya fundi aliyewatangulia. Majina ya wengi wao hayakuandikwa katika kitabu chochote cha serikali, na chuma walichokitengeneza ndicho cheti chao pekee. Kipuri chenye nyuzi za Kiingereza upande mmoja na za milimita upande wa pili ni ushahidi kwamba mtu fulani, hapa nchini, aliunganisha mashine mbili za mataifa yaliyopigana na kuzifanya zitembee. Historia ya ufundi katika Tanganyika imejengwa zaidi na kazi za aina hiyo kuliko na mashine kama zilivyotoka kiwandani.

Ushahidi huu hauna kinga kubwa ya kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kwa majengo kikomo chake ni mwaka 1886. Pikipiki ya kwanza ya Daimler ilitengenezwa miaka 22 baada ya kikomo cha kwanza, hivyo kipuri chochote cha injini ya petroli, hata kiwe adimu namna gani, hakilindwi na kikomo hicho. Wakati huo huo biashara ya chuma chakavu imefika hadi vijijini, ambako vijana hununua vyuma kwa mizani na kuvipeleka kwenye viwanda vya nondo, na kwa mizani hiyo magneto ya mwaka 1912 haina tofauti na sufuria iliyotoboka. Hakuna wa kulaumiwa katika biashara hiyo, kwa kuwa muuzaji anahitaji fedha na mnunuzi hakuelezwa kwamba kipo kitu kingine cha kununua zaidi ya uzito.

Hatua inayoweza kupunguza hasara hiyo haihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Chuma kisichojulikana kikionekana, kipigwe picha pembeni mwa rula, kipimwe kipenyo na nyuzi zake, na iandikwe kiliokotwa wapi, kwa kina gani na pamoja na vitu gani vingine. Kazi hiyo inaweza kufanywa na walimu wa sekondari, na wanafunzi wa vyuo vya ufundi ambao tayari wana vipimo vinavyotakiwa, na nakala zake zikapelekwa Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Kati ya maswali manne yaliyotajwa hapo awali, matatu ya kwanza yanaweza kujibiwa hata miaka 50 ijayo kwa kukitazama kipuri chenyewe, iwapo bado kipo, lakini la nne hujibiwa tu na aliyekuwapo kilipookotwa. Kwa hiyo anayekiokota chuma shambani na kuandika mahali kilipolala amefanya sehemu ya uchunguzi ambayo mtaalamu yeyote wa injini za zamani, wa Birmingham au wa Stuttgart, hawezi kumfanyia.